ULIZA FUNDI: Klipu nyeusi ya osiloskopu ifungwe wapi?

Barua za safari hii zinahusu osiloskopu, kile chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ule waya mfupi wa probu (kebo yake ya kupimia) wenye klipu ya mamba ufungwe wapi, na wapi usiguse kabisa. Osiloskopu za mitumba na mpya za bei ya kati zimeingia kwenye karakana nyingi, na fundi aliyezoea multimita huishika kama multimita. Hapo ndipo vitu vinapolipuka. Ili tusichanganyane, humu tunasema "graundi" kwa hasi ya bodi unayoipima, na "ardhi" kwa waya wa kinga unaotoka kwenye soketi ya ukutani.

Salamu kwa jopo. Natengeneza TV. Nilitaka kuona mawimbi ya geti (mguu wa kuamrisha) ya mosfeti, yaani transista inayowasha na kuzima, kwenye pawasaplai ya TV ya inchi 32. Nikafunga klipu kwenye hasi ya ile kapasita kubwa ya volti 400, nikawasha. Ulitokea mlipuko, briji ikapasuka, fyuzi ikaenda na waya wa klipu ukaungua. Multimita naiweka hapo hapo kila siku na haijawahi kuleta shida. Kosa liko wapi? Na osiloskopu yangu imekufa? (Fundi wa TV, Mwanza)

Pole kwa hasara, fundi. Fanya kipimo hiki kwanza, osiloskopu ikiwa imechomolewa ukutani: weka multimita kwenye ohm, mguu mmoja kwenye klipu ya probu, mwingine kwenye ile pini ndefu ya plagi ya osiloskopu. Utasoma ohm moja au chini yake. Klipu, soketi ya probu, bodi ya chuma na klipu ya chaneli ya pili vyote ni waya mmoja unaoishia kwenye ardhi ya ukutani. Nyutro nayo imefungwa ardhini upande wa transfoma ya mtaa. Kwa hiyo kila unapofunga klipu mahali, umeitangaza sehemu hiyo kuwa ardhi, itake isitake.

Sasa itazame briji, zile dayodi nne zinazogeuza AC ya ukutani kuwa DC. Laivu ikiwa kwenye nusu chanya ya mzunguko, dayodi mojawapo huunganisha hasi ya kapasita na nyutro. Hapo klipu haileti mlipuko; sehemu tu ya mkondo wa TV huanza kurudi kupitia ardhi, na swichi ya kinga ya miliampea 30, kama ipo, hukata. Milisekunde 10 baadaye laivu inageuka hasi. Dayodi nyingine inaunganisha hasi ya kapasita na laivu yenyewe, na kwa umeme wa volti 230 hasi hiyo inashuka hadi volti 325 chini ya ardhi. Ukiwa na klipu hapo umeiunganisha laivu na ardhi kupitia dayodi moja na ule waya mwembamba. Dayodi ikapasuka, waya ukaungua. Multimita haikufanya hivyo kwa sababu inatumia betri, ina ganda la plastiki, na kati ya miguu yake kuna ohm milioni 10. Haina njia ya kwenda ardhini.

Kuhusu osiloskopu: rudia kile kipimo cha ohm, safari hii kutoka kwenye ganda la soketi ya probu hadi pini ndefu. Ikiwa hakuna mwendelezo, njia ya shaba ya ardhi ndani ya mashine imeungua, na hiyo ni hatari kuliko mashine iliyokufa kabisa, maana itawaka vizuri huku chuma chake hakina kinga. Usiitumie mpaka irekebishwe. Ikiwa mwendelezo upo, chukua probu nyingine (ile iliyoungua tupa, madhara ya shilda, yaani waya unaofunika kebo kwa ndani, hayaonekani kwa macho) na uiweke kwenye kile kipini cha kujipimia cha kilohezi 1 kilicho usoni mwa mashine. Pima kila chaneli. Wimbi la mraba likitoka safi, mashine imenusurika.

Namna sahihi ya kupima upande wa moto wa pawasaplai, ule uliounganika na umeme wa ukutani, ni kuilisha TV, na TV peke yake, kupitia transfoma ya kutenga ya 1:1. Kwa TV ya inchi 32, VA 200 zinatosha. Osiloskopu ibaki kwenye soketi yake ya pini tatu. Ukikosa transfoma ya kununua, funga mbili zinazofanana mgongo kwa mgongo, mfano 230/24 za VA 100 kila moja: nyaya za volti 24 zinaungana, unaingiza umeme kwenye moja na kutoa kwenye nyingine. Chini ya mzigo volti zitashuka, pengine hadi 200, na pawasaplai nyingi za TV zinazokubali 100 hadi 240 hazitajali. Vyuma vya transfoma vifunge ardhini, lakini nyaya za kutokea zisiguse ardhi hata kidogo. Angalia pia kama transfoma ya dukani haipitishi pini ya ardhi moja kwa moja hadi kwenye soketi yake ya kutokea. Baadhi hufanya hivyo. Transfoma ya kupandisha na kushusha volti kwa mkono, yenye koili moja, haitengi chochote.

Kabla ya kuwasha, ondoa kwenye TV kebo ya HDMI, waya wa antena na dekoda. Kila mmoja wao unaweza kurudisha ardhi kwa mlango wa nyuma na kuifuta kazi ya transfoma. Mwaga chaji ya kapasita kwa rezista ya kilo-ohm 2.2 ya wati 5: kapasita ya mikrofaradi 100 huisha kwa sekunde moja hivi. Usitumie bisibisi. Funga klipu TV ikiwa imezimwa, washa, pima bila kugusa bodi kwa mkono, zima, mwaga chaji tena, ndipo ufungue klipu. Ukumbuke kwamba ukishafunga klipu, TV haielei tena, yaani haijatengwa tena na ardhi: hasi ya kapasita sasa ni ardhi, na chanya yake iko volti 325 juu ya mwili wako. Swichi ya miliampea 30 haitakuokoa, kwa sababu iko upande wa pili wa transfoma na haioni mkondo huo.

Ukitoka kwenye geti ukaenda kwenye dreni ya mosfeti, badilisha probu. Dreni ya pawasaplai ya aina hii hupanda hadi volti 600 na zaidi kwa msumari wa kila mzunguko, na probu ya kawaida ya x10 (inayogawa volti kwa kumi) huandikwa mwisho volti 300 au 600, tena kwa masafa ya chini tu. Hapo inatakiwa ya x100, ya volti 1500 au 2000.

Neno moja kuhusu taa ya mfululizo, ile balbu ya wati 60 au 100 ambayo mafundi wengi wanaiweka kati ya umeme na bodi. Ni kinga nzuri ya bodi yenye shoti, na tunaipendekeza. Haitengi. Balbu ikiwa upande wa laivu, kosa lako lingeishia kwa balbu kuwaka. Ikiwa plagi ni ya pini mbili na imechomekwa kinyume, balbu inakaa upande wa nyutro, na njia ya laivu, dayodi, klipu na ardhi inapita bila kuigusa.

Mimi nimeambiwa dawa ni kukata pini ya ardhi ya osiloskopu, au kuichomeka kwa plagi ya pini mbili kwa kusukuma kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu. Hapa mtaani kila fundi anafanya hivyo na hakuna aliyekufa. (Msomaji, Thika)

Tunakuomba usifanye. Ni kweli mlipuko hautatokea. Badala yake, ganda lote la osiloskopu, soketi za probu, skrubu za nyuma, tundu la USB na klipu ya chaneli ya pili vitapanda na kushuka pamoja na ile hasi ya kapasita, volti 325 mara 50 kwa sekunde, na hakuna fyuzi itakayokatika. Atakayekamilisha njia ya kwenda ardhini ni mtu: wewe unayegeuza vitufe, au kijana anayejifunza kazi aliyesimama pembeni na kushika kebo.

Hata kipimo chenyewe kinaharibika. Ndani ya osiloskopu kuna kapasita ndogo za kichujio kutoka laivu na nyutro hadi kwenye ganda. Ardhi ikiondolewa, ganda hukaa karibu na volti 115 bila kuunganishwa na kitu. Ukifunga klipu kwenye sehemu inayobadilika kwa kasi, kama sosi ya mosfeti ya juu, mosfeti inalazimika kuzichaji na kuzimwaga kapasita hizo na ganda zima kila mzunguko. Wimbi unaloliona si la saketi tena, na mosfeti inaweza kufa ukidhani imekufa kwa ugonjwa wake. Ukichomeka kebo ya USB kwenye kompyuta ili uhifadhi picha, ardhi inarudi kupitia kompyuta na mlipuko ulioukimbia unatokea huko.

Njia mbadala ziko mbili. Ya kwanza inahitaji probu mbili za x10 tu. Ncha ya chaneli 1 weka sehemu moja, ncha ya chaneli 2 sehemu ya pili, klipu zote mbili ziache mbali na bodi, zikiwa zimebanana zenyewe. Weka volti kwa kila mraba sawa kwenye chaneli zote, kisha kwenye menyu ya Math chagua CH1 − CH2. Kabla ya hapo rekebisha probu zote kwa kiskrubu chake kwenye wimbi la kilohezi 1, kwa sababu tofauti ya asilimia 1 kati yao kwenye volti 325 inakupa uongo wa volti 3 na kidogo. Hakikisha pia kila wimbi peke yake limekaa ndani ya skrini. Likikatwa juu au chini, hesabu ya kutoa haina maana. Kwa kuangalia umbo la wimbi kubwa njia hii inatosha. Kwa volti chache zilizopanda juu ya mamia, haitoshi.

Ya pili ni probu tofautishi, yenye nyaya mbili ambazo hakuna hata mmoja uliofungwa ardhini. Ni ghali, lakini karakana inayotengeneza inveta na pawasaplai kila wiki inapaswa kuwa nayo moja. Isome karatasi yake: uwezo wa kuikataa volti ya pamoja, ile iliyo sawa kwenye nyaya zote mbili, hupungua masafa yanapopanda. Desibeli 60 zina maana kwamba volti 400 za pamoja zinaacha kosa la volti 0.4 kwenye skrini, na kwenye megahezi kadhaa hali ni mbaya zaidi ya hapo.

Kifuniko cha kalamu kinatukumbusha soketi zenyewe. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za pini tatu ambazo nyuma yake waya wa ardhi haujafungwa popote, na osiloskopu yako inaelea bila wewe kujua. Pima hivi: chukua rezista ya kilo-ohm 22 ya wati 5, iliyofungwa vizuri kwa insulesheni, uiweke sambamba na multimita kati ya laivu na ardhi kwa sekunde chache. Ardhi ikiwa nzima, utasoma zile zile 230 au 240, na mkondo ni miliampea 10 hivi. Ardhi ikiwa imekatika, usomaji unaporomoka. Multimita bila rezista itakudanganya, kwa sababu waya ulioachwa wazi huokota volti za kutosha kuonekana kama upo.

Rezista hiyo hiyo iweke karibu na benchi lako. Kabla ya kufunga klipu mahali usipopaamini, pima kati ya klipu iliyo huru na sehemu hiyo, kwa AC na kwa DC, rezista ikiwa sambamba na multimita. Volti za kuvuja tu hushuka hadi tatu au nne. Zikibaki makumi au mamia, klipu isiguse.

Nimeunda pawasaplai kwa LM2596, chipu ya kushusha volti kwa kuwasha na kuzima haraka, kutoka volti 12 hadi 5, mzigo ampea 2. Kwenye skrini naona misumari ya milivolti 400 juu ya zile 5. Nimeongeza kapasita mpaka mikrofaradi 2200 na misumari haipungui hata kidogo. (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Kwamba kapasita kubwa kiasi hicho haikubadilisha chochote ni ushahidi kuwa sehemu kubwa ya misumari hiyo haipo kwenye volti 5 zako. Ithibitishe: funga klipu kwenye graundi ya kutokea, kisha uguse kwa ncha ya probu palepale klipu ilipo, graundi kwa graundi. Ingepaswa kuwa mstari mnyoofu. Ukiona misumari ileile, unatazama kazi ya waya wa klipu.

Waya wa klipu wa sentimita 15 ni koili ya takriban nanohenri 150, kwa kadirio la nanohenri 1 kwa kila milimita. Mkondo wa miliampea 10 tu ukipita humo na kubadilika kwa nanosekunde 10, unazaa volti 0.15. Tena koili hiyo inaitikiana na kapasita ya ncha ya probu, pikofaradi 12 hivi, na pamoja zinalia kwenye karibu megahezi 120. Kila swichi ya LM2596 inapofunga au kufungua, inaigonga saketi hiyo, nawe unaona msumari wenye mkia unaotetemeka. Na mduara mkubwa kati ya ncha, waya na bodi unafanya kazi kama antena ya kuokota uga wa sumaku wa koili ya pawasaplai, iliyo sentimita chache kutoka hapo.

Dawa ni kuufuta ule waya. Vuta kofia ya ndoano kutoka kwenye probu, na toa waya wa klipu. Utaona ncha kali na, nyuma yake kidogo, pete ya chuma. Pete hiyo ndiyo ardhi ya probu. Probu nyingi huja na springi ndogo ya kuvaa kwenye pete. Mafundi wengi huiacha mfukoni mwa boksi bila kujua kazi yake. Kama imepotea, zungusha mguu uliokatwa wa rezista mara tatu kwenye pete na uache milimita 8 hadi 10 zikitokeza sambamba na ncha. Njia sasa ni milimita 10, nanohenri 10, na mlio umehamia zaidi ya megahezi 450. Ncha na springi viguse miguu miwili ya kapasita ya kutokea, na kwa vyovyote visiguse graundi ya upande mwingine wa bodi. Kwa vipimo unavyotaka kuvirudia, chomelea miguu miwili mifupi ya kudumu hapo.

Kisha tayarisha osiloskopu. Weka chaneli kwenye AC ili zile volti 5 ziondoke na ubaki na vijiwimbi pekee. Washa kikomo cha masafa cha megahezi 20. Kwenye sehemu ya kupimia weka sambamba kapasita ya kauri ya mikrofaradi 0.1 na ya elektroliti ya mikrofaradi 10. Huu ndio utaratibu wa mwongozo wa pawasaplai za kompyuta za ATX, ambao unaruhusu milivolti 50 kilele kwa kilele kwenye laini ya volti 5 na 120 kwenye ile ya 12. Tumia probu kwenye x1 ukiweza, kwa sababu x10 inagawa vijiwimbi kwa kumi na kuviacha kwenye kelele za mashine yenyewe. Probu kwenye x1 haifiki mbali, megahezi 6 hadi 10, lakini kwa vijiwimbi vya kilohezi 150 zinatosha kabisa.

Ukipenda kazi safi zaidi, chomelea kebo ya koaksi moja kwa moja kwenye kapasita ya kutokea na uimalizie ohm 50 upande wa osiloskopu. Lakini tanguliza kapasita ya kauri ya mikrofaradi 1 kwenye waya wa kati. Bila hiyo, laini ya volti 12 ingepitisha ampea 0.24 kwenye ohm 50, karibu wati 3, na kimalizio cha ndani cha osiloskopu hakijatengenezwa kwa hilo.

Utakachotarajia kuona: pembetatu ya kilohezi 150. Kwa koili ya mikrohenri 33, mkondo wa koili yako unapanda na kushuka kama ampea 0.6, na kapasita yenye ukinzani wa ndani wa ohm 0.05 itaonyesha karibu milivolti 30. Hizo ni za kweli, na hizo ndizo zitakazopungua ukibadilisha kapasita kwa yenye ukinzani mdogo wa ndani.

Ikiwa hata kwa springi kipimo cha graundi kwa graundi hakinyooki, mkondo unapita juu ya shilda ya kebo ya probu ukielekea ardhini. Chomeka pawasaplai na osiloskopu kwenye ekstensheni moja, kisha pitisha kebo ya probu mara tano hadi nane kwenye pete ya feraiti karibu na ncha. Pete ya kichujio iliyotolewa kwenye pawasaplai ya kompyuta iliyokufa inafaa.

Bodi yangu ya ESP32 imechomekwa USB kwenye kompyuta ya mezani. Nilitaka kuona mkondo wake kupitia rezista ya ohm 1 niliyoiweka kwenye chanya ya volti 5. Nikafunga klipu mguu mmoja na ncha mguu wa pili. Kompyuta ikazima tundu la USB palepale. (Msomaji, Arusha)

Graundi ya USB ya kompyuta ya mezani imefungwa kwenye ganda lake, na ganda kwenye ardhi. Klipu yako nayo ni ardhi. Umechukua volti 5 ukazishusha kwenye graundi kwa kuzungukia ukutani, na njia hiyo ina ukinzani wa chini ya ohm moja au mbili. Una bahati kwamba kinga ya tundu ilifanya kazi.

Klipu zote mbili zifunge kwenye graundi, ncha moja kila mguu wa rezista, kisha CH1 − CH2. Matokeo yatakuwa mabovu kidogo: osiloskopu ya biti 8 kwenye volti 1 kwa mraba inasoma kwa ngazi za milivolti 31, na miliampea 80 kwenye ohm 1 ni milivolti 80, yaani ngazi mbili au tatu. Bora uihamishe rezista kwenye waya wa hasi wa USB: klipu upande wa kompyuta, ncha upande wa bodi, na bodi isiwe na graundi nyingine popote. Kebo ya pili ya siriali au shilda ya USB iliyoshikana na graundi ya bodi itaikwepa rezista, na utasoma karibu sifuri.

Sabufa yangu ina IC (chipu) ya amplifaya, TDA7297. Nikifunga klipu kwenye hasi ya spika, mara nyingine napata wimbi zuri, mara nyingine IC inachemka mpaka inanuka. (Fundi redio, Tanga)

IC hiyo ni ya daraja: miguu yote miwili ya spika ni ya moto, kila mmoja ukikaa nusu ya volti za kulisha, kama 6 kwenye 12. Haina "hasi ya spika". Unapoilisha kwa adapta ya pini mbili na kucheza muziki kutoka kwenye simu, saketi nzima inaelea, na klipu haikamilishi njia yoyote. Siku ukiingiza sauti kutoka kwenye kompyuta iliyofungwa ardhini, au ukaweka klipu ya pili kwenye graundi, mguu mmoja wa kutokea unakuwa na shoti. Funga klipu kwenye graundi ya bodi tu, ncha mbili kwenye miguu miwili ya spika, na CH1 − CH2. Karibu redio zote za magari ni hivi hivi, pamoja na zile bodi ndogo za amplifaya za PAM8403. Kwa hizi za mwisho, ambazo hutoa mapigo ya kasi badala ya sauti laini, weka kilo-ohm 1 na nanofaradi 4.7 kwenye kila mguu kabla ya ncha. Zinakata juu ya kilohezi 34 na kukuachia sauti.

Natumia osiloskopu ya USB na laptopu yenye chaja ya pini mbili. Nikigusa klipu nasikia mchonyoto. Je, ni hatari kwa saketi? (Msomaji, Zanzibar)

Ndani ya chaja kuna kapasita ya takriban nanofaradi 2.2 inayovuka kutoka upande wa moto hadi upande wa kutokea. Kwa hezi 50 hiyo ni karibu ohm milioni 1.4, hivyo mkondo hauzidi sehemu moja ya sita ya miliampea, kwa chaja nzima isiyo ya kuiga. Mtu huumwa kidogo. Mguu wa kuingilia wa IC ya mosfeti unaweza kufa kabla hujawasha chochote. Funga klipu kwanza na ncha mwisho, na kwa kazi nyeti chomoa chaja utumie betri. Ila kutumia betri kusikupe ujasiri wa kufunga klipu kwenye umeme wa ukutani: laptopu yote itakuwa laivu, pamoja na kibodi yenye chuma unayoiwekea mikono.

Hilo linahusu pia osiloskopu ndogo za mkononi. Nyingi za bei nafuu zina graundi moja kwa chaneli zote na soketi za chuma zilizo wazi. Zilizotengenezwa kweli kwa kuelea, kama Fluke 190, zina soketi za plastiki na kila chaneli imetengwa na nyenzake, na volti inayoruhusiwa imeandikwa kando ya soketi.

Inveta ya sola ya kilowati 5 ina kelele. Naweza kufunga klipu kwenye hasi ya paneli? Paneli ni DC tu. (Fundi sola, Kitale)

Usifunge. Inveta nyingi za sasa za kuunganisha paneli, betri na umeme wa ukutani hazina transfoma kati ya paneli na upande wa volti 230. Inveta ikifanya kazi, nyaya za paneli zinabebwa juu na chini na umeme huo huo, hata kama multimita kati ya chanya na hasi ya paneli inaonyesha DC tulivu. Tumia probu tofautishi inayoruhusu volti ya pamoja ya 1000 na zaidi, kwa kuwa mfuatano wa paneli wenyewe unaweza kufika volti 400 au 450. Kata swichi ya DC na ile ya AC kabla ya kufunga nyaya za probu, na usubiri dakika zilizoandikwa kwenye ganda la inveta ili kapasita za ndani zimwage chaji, kisha uhakikishe kwa multimita kabla ya kugusa.